Shangazi, mume wangu ameniandikisha kiwanda cha betri na mimi ni mjamzito

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 27, naishi Kibaha na mume wangu na binti yetu wa mwaka mmoja na nusu. Mwaka huu kimefunguliwa kiwanda cha betri huku kwetu upande wa viwandani, betri za magari na za sola. Siku ya kuandika majina foleni ilianza alfajiri, hadi watu wa Chalinze walikuja. Mume wangu, ambaye alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni, alibahatika. Sasa anaingia mwezi wa tano.

Sitaki nionekane sina shukrani. Tangu aanze tumelipa kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, tumemaliza deni la kikoba, na mama mkwe anatumiwa hela ya dawa bila mimi kukopa dukani. Analipwa laki tatu na nusu, ovataimu mbali.

Yuko chumba cha pleti. Anasema wanapaka kitu kama uji wa kijivu kwenye vyuma vya risasi, vikikauka vinapangwa na kupelekwa mbele. Ovaroli anarudi nayo nyumbani, maana mashine ya kufulia ya kiwandani bado haijafungwa na kila siku wanaambiwa wiki ijayo. Nafua mimi. Maji ya kwanza yanatoka kijivu, na kuna unga unaobaki chini ya beseni hata ukimwaga. Huwa naweka jiki, nasuuza, halafu naloweka nguo za mtoto kwenye beseni hilohilo. Kiwandani wanapewa paketi ya maziwa kila siku, ya kusafisha kifua. Yeye hainywi. Anaitia mfukoni anamletea mtoto, na mtoto akisikia geti linalia anakimbilia mifuko ya baba yake.

Sasa wanaajiri wanawake kwa ajili ya laini ya pili na mume wangu ameniandikisha. Kazi ni kupanga pleti, unakaa kwenye kiti, supavaiza amesema ni kazi nyepesi ya akina mama. Usaili ni wiki ijayo. Tatizo nina mimba ya miezi minne, bado haionekani vizuri. Mume wangu anasema nisiseme, niingie kwanza, tumbo likitokeza nitakuwa nimeshaajiriwa na likizo ya uzazi yenye malipo nitaipata.

Jirani yangu ana dada yake Mombasa. Ananiambia kule kiwanda cha betri kiliua watu, na wanaume wa kazi hiyo wanakuwa tasa. Nikimweleza mume wangu anasema jirani ana wivu kwa kuwa mumewe hakuchaguliwa, na mimi nataka kumkatia riziki. Kaka yangu naye anasema betri za siku hizi hazina sumu, ndizo zinazowekwa kwenye pikipiki za umeme.

Mimi nauza vitumbua asubuhi, nikiondoka na elfu saba namshukuru Mungu. Niende kwenye usaili au nisiende? Na nikisema nina mimba si wataninyima kazi?

Mama K., Kibaha

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Unauliza uingie kiwandani au usiingie. Mbona ulishaingia? Kila jioni unakifanyia kazi kiwanda hicho kwenye beseni lako, bila glavu, bila mshahara, na mtoto yuko pembeni. Kwa hiyo nitaanza na beseni. Usaili utasubiri kidogo.

Huo unga unaobaki chini ni risasi, yale madini yenye sumu. Jiki inaua vijidudu, na risasi si kijidudu: hata ungeichemsha kutwa nzima haifi wala haiozi, inahama tu kutoka kwenye ovaroli kwenda kwenye kanga yako na nepi za mtoto. Mtu mzima huivuta puani au kuimeza bila kujua, kwa mkono uliogusa nguo kisha ukamega ugali. Mtoto wa umri wa binti yako yuko sakafuni muda wote na kila anachokishika anakitia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Inagusa ubongo unaokua. Na haina kelele: mtoto anaweza kuonekana mzima, labda anakosa choo, analalamika tumbo, damu imepungua kidogo, nanyi mkadhani ni minyoo.

Kwa upande wako kuna jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi. Risasi ikishaingia, ya kwenye damu hupungua baada ya wiki kadhaa, ila sehemu kubwa huenda kujificha mifupani na kukaa huko miaka na miaka. Mama akibeba mimba, mwili huchota kalsiamu kwenye mifupa yake ili mtoto apate ya kujengea yake, na risasi huchotwa humohumo. Kondo la nyuma haliizuii. Maziwa ya mama nayo huipitisha.

Basi kuanzia leo ovaroli hiyo isivuke geti. Najua utasema mashine haijafungwa. Sawa, hadi ifungwe mume wako aivulie kiwandani, aifunge kwenye mfuko wa plastiki, na kama hakuna namna ila ifuliwe nyumbani, aifue yeye mwenyewe. Awe na beseni lake lisiloguswa na nguo nyingine, asiikung'ute, na maji ayamwage chooni, si kwenye mchicha. Wewe mjamzito usiiguse. Aoge na kuosha nywele kabla ya kumbeba mtoto, viatu vya kazi vibaki nje. Na simu! Hujaitaja, lakini nina hakika anaingia nayo chumba cha pleti, kisha jioni binti yenu anaangalia katuni kwenye simu hiyo huku anaitafuna kona. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, au ibaki kwenye kabati la kazini. Ndani usifagie, piga deki, maana ufagio unalirusha vumbi hewani na mtoto analivuta.

Paketi ya maziwa. Hapa naomba mume wako anisikilize bila kununa, maana najua anachofanya ni upendo mtupu: anajinyima ili mwanawe anywe. Lakini paketi iliyoshinda kwenye mfuko wa ovaroli ya chumba cha pleti imepakwa unga ule nje, na mtoto anaitoboa kwa meno. Halafu hii imani ya maziwa kusafisha kifua imeenea sana kwenye viwanda vyetu, nami siipendi, kwa sababu inampa mwajiri njia ya bei rahisi ya kuonekana anajali. Maziwa hayaondoi risasi kwenye damu wala kwenye mapafu. Chakula chenye kalsiamu na madini ya chuma husaidia mwili kufyonza risasi kidogo zaidi, basi. Kwa hiyo kula dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, kunywa maziwa yako uliyonunua dukani, na vile vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki usivifiche kabatini kwa sababu ya kichefuchefu. Kama unatafuna udongo, ile pemba ya sokoni, acha. Nao umewahi kupimwa na kukutwa na risasi.

Mpeleke mtoto akapimwe, na wewe upimwe. Anzia kliniki yako au hospitali ya Tumbi, na useme kwa maneno haya: baba wa mtoto anafanya kazi ya risasi kwenye kiwanda cha betri, nataka kipimo cha risasi kwenye damu. Usiposema hivyo utapimwa malaria na mkojo, kisha urudishwe nyumbani. Si kila maabara inakifanya kipimo hiki, sampuli yaweza kupelekwa Dar es Salaam. Majibu yakifika mikrogramu 5 kwa desilita au kuzidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Dawa zipo kwa viwango vya juu sana, na hutolewa hospitalini tu. Anayekuuzia chupa ya kusafisha sumu mwilini mwambie asante.

Sasa usaili.

Kaka yako amechanganya. Betri za pikipiki za umeme, zile unazosikia Kigali na Nairobi wakibadilishana vituoni, ni za lithiamu. Hizo hazina risasi, na hatari zake ni nyingine, moto na umeme. Betri za magari, na nyingi za sola za bei nafuu, ni za risasi na asidi. Kiwanda chenye chumba cha pleti ni cha risasi, hapo hakuna ubishi.

Na ndani ya kiwanda cha aina hiyo vyumba havilingani. Kwanza risasi huyeyushwa na kumiminwa kuwa vyuma vyenye matundu. Nyingine husagwa kuwa unga, unachanganywa na maji na asidi, ndipo unapakwa. Pleti zikikauka zinapangwa moja chanya moja hasi, na kati yake huwekwa kitenganishi. Baadaye huunganishwa, huingizwa kwenye boksi, hutiwa asidi, huchajiwa, huoshwa, hubandikwa lebo na kupakiwa. Vumbi baya liko kwenye kusaga, kupaka, na hapo kwenye kupanga pleti zilizokauka, kwa sababu kila pleti inayosuguana na mwenzake inamwaga unga, na mpangaji uso wake uko sentimita chache tu juu yake. Kwenye kuchaji kuna mvuke wa asidi unaokula meno. Kwenye lebo na kupakia pana nafuu kubwa.

Kwa hiyo hiyo kazi nyepesi ya akina mama, ya kukaa kwenye kiti, ni miongoni mwa zenye risasi nyingi kuliko zote mle ndani. Sisemi supavaiza ni mwongo. Kwake nyepesi ni ile isiyobebeshwa mzigo. Lakini wewe na mimba hiyo usiifanye, hata wakupe laki tano, hata kwa mwezi mmoja.

Si maneno ya Shangazi tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto. Sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi, si aliyekwisha kuajiriwa peke yake. Ukiyaweka pamoja unapata hivi: wana haki ya kukuambia chumba cha pleti hapana, hawana haki ya kukuambia kiwanda kizima hapana kwa sababu ya tumbo. Je, watatii? Nimekaa mjini siku nyingi, sitakudanganya. Wapo watakaotafuta sababu nyingine ya kukuacha. Hata hivyo ningekuwa wewe ningeenda usaili, ningesema nina mimba, ningeomba nafasi ya lebo, stoo au ofisini. Wakikataa umepoteza nauli ya bajaji.

Hesabu ya likizo ya uzazi ambayo mume wako ameipiga haijatimia. Siku 84 za malipo zipo kweli, lakini sheria inasema mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kazini hana haki ya likizo ya kulipwa. Una mimba ya miezi minne. Ukianza mwezi ujao utajifungua ukiwa na miezi minne hivi ya ajira. Ungeficha tumbo, ungevuta vumbi, na mwisho ungekaa nyumbani bila senti.

Tuje kwa jirani. Huenda ana wivu, mimi simjui, lakini habari ya Mombasa si ya kutunga. Owino Uhuru ni mtaa wa maskini karibu na Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilianza kazi pale mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kikafungwa 2014. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa pale, na kazi yake haikuwa ya kuyeyusha chochote, lakini mwanawe mchanga aliugua na kukutwa na risasi kwenye damu. Akaacha kazi, akaanza kupigania mtaa, hadi mahakamani, ambako wakazi walieleza magonjwa, mimba zilizoharibika na vifo. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kuyeyusha betri kuukuu bila mitambo ya kunasa moshi ni jambo baya zaidi kuliko kutengeneza mpya kwenye kiwanda chenye feni za kunyonya vumbi, usivifanye kitu kimoja. Ila mtoto wa yule mama na mtoto wako wanakutana mahali pamoja: sumu iliwafuata nyumbani, wao hawakuifuata.

Kuhusu utasa, risasi nyingi hupunguza wingi na ubora wa mbegu za mwanaume. Haina maana kila mwanaume wa betri ni tasa. Figo na presha ndivyo ambavyo mume wako angevihofia kwanza.

Yeye sitaki aache kazi. Nakuona umeshangaa. Laki tatu na nusu ya uhakika kwa mtu aliyekuwa anapeleka hesabu ya pikipiki ya mwenzake si kitu cha kutupa, na nchi hii inahitaji viwanda. Zipo nchi zinazotengeneza betri hizihizi na wafanyakazi wakastaafu na afya zao, kwa sababu hewa inapimwa, damu inapimwa kila baada ya miezi michache, na anayepanda kiwango anahamishwa chumba na mshahara wake ukiwa palepale.

Usimpelekee tena maneno ya jirani. Muulize tu: ulipimwa risasi lini? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya anapoanza, akiwa kazini na anapoondoka, kulingana na hatari ya kazi yake, na gharama ni ya mwajiri. Kupimwa presha, macho na mkojo si kupimwa risasi. Akiwa hajapimwa, au amepimwa bila kuonyeshwa majibu, hapo ana jambo la kuuliza. Jingine ni barakoa. Kama ni ile ya kitambaa tuliyovaa wakati wa Korona, vumbi hilo laini linapita. Anahitaji yenye vichujio, inayobana uso, na ndevu azinyoe maana zinaacha mwanya.

Asiende kugomba peke yake. Kwa miezi mitano yuko pabaya: ambaye hajatimiza miezi 6 hana kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali, hata akikimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Apitie kwa mwakilishi wa usalama na afya, ambaye sheria inataka awepo kiwandani, au TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, kama wana tawi. Waombe wengi kwa pamoja na kwa adabu: mashine ya kufulia, bafu lenye maji, makabati mawili mawili ili nguo za nyumbani zisilale na za kazi. Mashine ya kufulia ni hela ndogo sana kwa mtu aliyejenga kiwanda cha betri, na kiwanda kinachosema wiki ijayo kwa miezi mitano kinahitaji kusukumwa. Kikiziba masikio, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, hupokea malalamiko. Na akague hati yake ya mshahara: mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hulipwa na mwajiri peke yake. Akikuta amekatwa kwa jina hilo, aulize.

Mwisho, vitumbua vyako. Unaviuza wapi sasa hivi, na elfu saba unaipata kwa saa ngapi? Kiwanda kinafungua laini ya pili. Hao watu watatoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi na njaa zao, na wa asubuhi wanaingia muda uleule. Tafuta kibanda barabarani, mbali kidogo na ukuta na moshi usipokuelekea, uongeze chai ya maziwa na supu ya utumbo. Weka ndoo ya koki na sabuni mbele ya meza, na asiyenawa usimhudumie, hata akiwa rafiki wa mume wako. Watakopa sana kuanzia tarehe kumi na tano, kwa hiyo nunua daftari kabla hujanunua sufuria.